Mshipa wa moyo unapoziba: Lini ukimbilie hospitali, lini utulie na dawa

Na Mwandishi Wetu

MAUMIVU ya kifua ni miongoni mwa dalili zinazodharauliwa mijini. Wapo wanaodhani ni vidonda vya tumbo, wapo wanaodhani ni gesi iliyotokana na maharage ya jana usiku, na wapo wanaojinunulia dawa ya kutuliza asidi katika duka la dawa la jirani na kurejea kazini.

Mara nyingi dhana hiyo huwa sahihi. Siku isipokuwa sahihi, gharama yake huwa maisha ya mtu.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) zinaonyesha kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 17.9 walifariki dunia kutokana na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Idadi hiyo ni sawa na asilimia 32 ya vifo vyote vilivyotokea duniani mwaka huo. Kati ya vifo hivyo, asilimia 85 vilisababishwa na mshtuko wa moyo pamoja na kiharusi, na zaidi ya robo tatu ya vifo vyote vya magonjwa ya moyo na mishipa vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Chanzo kikuu cha majanga hayo mawili ni kimoja: mishipa inayosafirisha damu kutoka moyoni kwenda sehemu mbalimbali za mwili, yaani ateri, kuwa myembamba au kuziba kabisa.

Hata hivyo, kuwa na mshipa mwembamba si sawa na kuwa na mshipa ulioziba ghafla. Hali hizo mbili hutofautiana kwa dalili, kwa vipimo na kwa matibabu. Ya kwanza humpa mgonjwa na daktari wake muda wa kutafakari. Ya pili haimpi yeyote hata saa moja ya kupoteza.

Mshipa huzibaje?

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe haulishwi na damu inayopita ndani yake. Hulishwa na ateri maalumu zinazouzunguka kwa nje, ambazo upana wake kwa mtu mzima ni milimita tatu hadi nne hivi.

Ukuta wa ndani wa ateri yenye afya ni laini. Shinikizo kubwa la damu, sukari nyingi katika damu, moshi wa sigara na wingi wa lehemu mbaya huujeruhi ukuta huo taratibu. Lehemu hujipenyeza chini ya utando wa ndani, chembechembe za kinga huifuata, na baada ya miaka mingi hujengeka utando mnene unaopunguza njia ya damu.

Kazi hiyo hufanyika kimya kimya. Kwa kawaida mtu haanzi kusikia maumivu anapofanya kazi nzito mpaka njia ya damu iwe imepungua kwa takriban asilimia 70. Ndiyo maana mtu anaweza kuonekana mzima, akacheza na wajukuu na kwenda kazini kila siku, ilhali mishipa yake imekwisha kuathirika.

Mshtuko wa moyo hutokea kwa njia nyingine. Mara nyingi utando ule hupata ufa. Mwili huudhani ufa huo kuwa jeraha la kawaida na kuugandishia damu, kama ambavyo damu huganda mtu anapojikata kidole. Donge hilo la damu ndilo huziba mshipa katika muda wa dakika chache. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ufa huo unaweza kutokea hata katika utando mdogo, ambao kabla ya hapo haukuwahi kumletea mgonjwa dalili yoyote.

Ngoja ngoja huumiza matumbo

Dalili kuu ya mshipa wa moyo ulioziba ghafla ni maumivu au hali ya kubanwa katikati ya kifua, kana kwamba kimewekewa mzigo mzito, ambayo haiishi hata mtu anapopumzika. Maumivu hayo yanaweza kuelekea begani, katika mkono wa kushoto, shingoni, kwenye taya au juu ya tumbo. Huweza kuambatana na jasho jembamba la baridi, kichefuchefu, kuishiwa pumzi na hofu kubwa.

Si kila mgonjwa huipata picha hiyo kamili. Wanawake, wazee na watu wenye kisukari wanaweza kuishiwa pumzi, kuchoka kupita kiasi au kusikia kichefuchefu tu, bila maumivu makali ya kifua. Hao ndio walio katika hatari kubwa ya kurudishwa nyumbani na dawa ya tumbo.

Mshipa ukiziba kabisa, sehemu ya msuli wa moyo iliyokuwa ikilishwa nao huanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Uharibifu huendelea saa hadi saa, na msuli uliokufa haufufuki. Mahali pake hubaki kovu lisiloweza kusukuma damu. Mgonjwa aliyechelewa anaweza kunusurika kifo, lakini akaishi na moyo uliodhoofu maisha yake yote.

Kipimo cha kwanza hospitalini ni kile cha umeme wa moyo, ambacho wengi hukiita ECG. Mgonjwa hubandikwa vinasa umeme kifuani, mikononi na miguuni, na mashine huchora mistari kwenye karatasi. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakina maumivu. Mwongozo unaofuatwa na madaktari wa moyo unataka kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa alipoonana na mhudumu wa afya kwa mara ya kwanza.

Damu pia hupimwa kuona kama kuna protini iitwayo troponini, ambayo huvuja kutoka katika msuli wa moyo ulioumia. Kipimo cha kwanza kinaweza kuwa safi kwa sababu mgonjwa amefika mapema. Kwa hiyo hurudiwa baada ya saa chache. ECG inapoonyesha wazi kuwa mshipa mkubwa umeziba, matibabu huanza bila kusubiri majibu ya damu.

Matibabu hayo ni ya aina mbili. La kwanza ni kuufungua mshipa kwa puto na kuuwekea kijibomba cha waya kiitwacho stenti, jambo linalotakiwa kufanyika ndani ya saa mbili tangu ugonjwa ulipotambuliwa. Pale ambapo mgonjwa hawezi kufikishwa kwenye hospitali yenye mitambo hiyo kwa wakati, hutumika dawa ya kuyeyusha donge la damu, ambayo huchomwa kwenye mshipa. Dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi katika saa mbili hadi tatu za mwanzo, na hutolewa hadi saa 12 tangu maumivu yalipoanza.

Wagonjwa wote wawili huhitaji pia dawa ya bei ndogo inayopatikana karibu kila zahanati: aspirini. Utafiti mkubwa ujulikanao kama ISIS-2, uliochapishwa mwaka 1988 na kuhusisha wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata mshtuko wa moyo, ulionyesha kuwa kumeza aspirini kila siku kwa mwezi mmoja kulipunguza vifo vitokanavyo na moyo na mishipa kwa asilimia 23. Dawa ya kuyeyusha damu iitwayo streptokinezi ilivipunguza kwa asilimia 25. Waliopata dawa zote mbili walipungukiwa na vifo kwa asilimia 42.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayeshukiwa kupata mshtuko wa moyo hupewa aspirini aitafune badala ya kuimeza nzima, ili iingie haraka kwenye damu. Hii haina maana kwamba kila maumivu ya kifua yatibiwe kwa aspirini nyumbani. Dawa hiyo ni hatari kwa mtu mwenye mzio nayo au mwenye vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, na haitakiwi kutolewa kwa mtu anayeshukiwa kupata kiharusi kabla ya kupimwa. Wala haipaswi kuwa sababu ya kuchelewa kuondoka kwenda hospitali.

Haraka haraka haina baraka

Hali ni tofauti kwa mgonjwa ambaye kifua humbana anapopanda ngazi au kilima, au anapobeba mzigo, kisha maumivu yakaisha dakika chache baada ya kupumzika, na mambo yakaendelea hivyo kwa miezi kadhaa bila kubadilika. Huyo mara nyingi ana mshipa uliopungua njia, lakini haujaziba.

Mgonjwa wa aina hiyo anahitaji kuchunguzwa vizuri. Pamoja na ECG, hupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo kiitwacho eko, ili kuona jinsi msuli unavyosukuma damu. Anaweza pia kutembezwa kwenye mashine yenye mkanda unaozunguka huku umeme wa moyo ukifuatiliwa, au kupigwa picha za CT zinazoonyesha mishipa bila kuingiza kitu chochote moyoni.

Kipimo kinachoonyesha mishipa kwa undani zaidi ni angiografia. Mgonjwa hupigwa ganzi kwenye kifundo cha mkono au kinenani, akiwa macho. Daktari huingiza mpira mwembamba uitwao katheta, wenye unene wa milimita mbili hivi, na kuupitisha ndani ya ateri mpaka karibu na moyo. Kisha huingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, na mishipa hujitokeza katika skrini kama matawi ya mti. Palipobanwa huonekana wazi.

Njia hiyo ilianza kwa ujasiri wa daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, ambaye mwaka 1929 alijiingizia katheta katika mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kupigwa picha. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa madaktari watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel. Picha ya kwanza ya mishipa inayoulisha moyo ilipatikana mwaka 1958 katika mji wa Cleveland, Marekani, pale dawa ya eksirei ilipoingia kwa bahati mbaya katika mshipa wa mgonjwa wa Dk. Mason Sones.

Angiografia haikosi hatari zake. Inaweza kusababisha kuvuja damu pale katheta ilipoingilia, na dawa yake inaweza kuzidhuru figo, hasa za mtu mwenye kisukari. Ndiyo maana utendaji wa figo hupimwa kwanza, na mgonjwa hutakiwa kumweleza daktari dawa zote anazotumia.

Stenti si tiba ya kila mshipa

Daktari Andreas Grüntzig ndiye aliyetanua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza akiwa Zurich, Uswisi, Septemba 16, 1977. Mgonjwa wake alikuwa mwanamume wa miaka 38. Tatizo lililojitokeza baadaye ni kwamba mishipa mingi iliyotanuliwa kwa puto pekee ilijibana tena katika miezi michache. Hapo ndipo stenti za kwanza zilipowekwa mwaka 1986, Toulouse nchini Ufaransa na Lausanne nchini Uswisi. Kuanzia miaka ya 2000 zikaja stenti zilizopakwa dawa ya kuzuia mshipa usijibane upya.

Mafanikio hayo yalizaa imani kwamba kila mshipa uliobanwa ni lazima ufunguliwe. Tafiti mbili kubwa zimeitikisa imani hiyo.

Utafiti wa COURAGE, uliochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha wagonjwa 2,287 wa Marekani na Kanada, uliwalinganisha wagonjwa wenye maumivu yasiyobadilika waliowekewa stenti pamoja na dawa na wale waliopewa dawa peke yake. Utafiti wa ISCHEMIA, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, ulifanya ulinganifu kama huo kwa wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37, wengine wakiwa wametibiwa kwa stenti na wengine kwa upasuaji.

Tafiti zote mbili zilionyesha kuwa, kwa wagonjwa wa aina hiyo, kukimbilia kufungua mishipa hakukupunguza vifo kuliko dawa zinazotumiwa ipasavyo. Faida iliyoonekana ni kupungua kwa maumivu, nayo ni faida ya kweli kwa mtu ambaye maumivu yanamzuia kufanya kazi.

Matokeo hayo hayawahusu watu waliopata mshtuko wa moyo, wala wenye mbano katika shina la mshipa mkuu wa kushoto wa moyo. Kwa wengine, yana maana kwamba familia iliyoambiwa mgonjwa wao ana mshipa mmoja uliobanwa ina haki ya kuuliza, kabla ya kuuza kiwanja au kuchangisha ndugu: "Daktari, stenti hii inaokoa maisha, au inapunguza maumivu? Na dawa peke yake zingefanya nini?" Swali hilo si la kumvunjia daktari heshima.

Upasuaji wa kuunganisha mishipa

Wapo wagonjwa ambao stenti haiwafai. Hao ni pamoja na wenye mishipa mitatu iliyobanwa, na hasa wakiwa na kisukari. Utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa 1,900 wenye kisukari na zaidi ya mshipa mmoja uliobanwa, ulionyesha kuwa waliofanyiwa upasuaji walipata vifo na mishtuko ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko waliowekewa stenti, ingawa kiharusi kilikuwa kingi zaidi upande wa upasuaji.

Katika upasuaji huo, ambao ulipata umaarufu kutokana na kazi ya daktari Muargentina René Favaloro mjini Cleveland mwaka 1967, daktari huchukua mshipa kutoka mguuni au ndani ya kifua na kuuunganisha ili damu ipite kando ya sehemu iliyoziba, mithili ya barabara ya mchepuko inayokwepa daraja lililobomoka.

Nchini Tanzania, kwa miaka mingi wagonjwa wengi waliohitaji huduma hizo walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Upasuaji wa moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam, ambako angiografia, uwekaji wa stenti na upasuaji wa kuunganisha mishipa hufanyika.

Miguu nayo huziba

Ugonjwa huu hauishii moyoni. Mshipa wa shingo ukibanwa, unaweza kurusha kipande cha donge kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mishipa ya miguu ikibanwa, mtu huumwa misuli ya nyuma ya mguu kila anapotembea umbali fulani, akisimama maumivu huisha, akiendelea hurudi. Wengi huyaita maumivu hayo uzee au baridi yabisi.

Kipimo chake cha awali hakihitaji mitambo mikubwa. Shinikizo la damu la kifundo cha mguu hulinganishwa na lile la mkono. Ikiwa la mguu ni chini ya asilimia 90 ya lile la mkono, mishipa ya mguu ina mbano. Kwa mtu mwenye kisukari, ambaye mishipa yake inaweza kuwa imekakamaa na kudanganya kipimo, huhitajika uchunguzi zaidi.

Kidonda cha mguuni kisichopona kwa mtu mwenye kisukari ni sababu ya kuuliza kuhusu mishipa kabla ya kuzungumzia kukata mguu. Januari 16, 1964, mjini Portland, Marekani, Dk. Charles Dotter alimtibu bibi wa miaka 82 aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni na aliyekataa kukatwa. Alimtanulia mshipa kwa katheta, damu ikarejea, mguu ukapona. Bibi huyo alitembea kwa miguu yake mpaka alipofariki dunia kwa nimonia zaidi ya miaka miwili baadaye. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa mshipa kufunguliwa kwa njia hiyo, miaka 13 kabla ya kazi ya Grüntzig kwenye moyo.

Baada ya matibabu

Kosa kubwa wanalofanya wagonjwa baada ya kuwekewa stenti ni kudhani wamepona. Stenti hufungua sehemu moja yenye urefu wa sentimita chache. Ugonjwa uko katika mishipa yote.

Aliyewekewa stenti hutakiwa kutumia aspirini pamoja na dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida miezi sita, au miezi 12 iwapo alipata mshtuko wa moyo. Kuziacha mapema bila idhini ya daktari, kwa sababu zimekwisha au kwa sababu mtu anajisikia vizuri, kunaweza kuifanya stenti izibe ghafla, tukio ambalo huua wengi wanaolipata. Daktari wa meno au mpasuaji mwingine naye ni lazima aelezwe kabla hajaagiza zisimamishwe.

Aspirini huendelea baada ya hapo, sambamba na dawa za kundi la statini zinazoshusha lehemu, na dawa za shinikizo la damu na kisukari kwa wanaohitaji. Sigara huachwa kabisa. Chumvi na mafuta hupunguzwa, na mwendo wa miguu wa nusu saa kwa siku walau siku tano za wiki hufaa kwa wengi, baada ya ushauri wa daktari.

Kwa asiyeugua bado, kinga huanza na vipimo rahisi: shinikizo la damu, sukari na lehemu. Shinikizo linalofikia 140 kwa 90 mara kwa mara ni la kutibiwa hata kama kichwa hakiumi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ugonjwa huu ufa wenyewe umo ndani ya mshipa, mahali ambapo jicho halifiki.

Na kwa yule ambaye sasa hivi kifua kinambana, jasho linamtoka na maumivu hayajaisha kwa robo saa, hakuna cha kusubiri mpaka asubuhi. Asiendeshe gari mwenyewe. Atafutiwe usafiri wa kumfikisha haraka kwenye hospitali yenye huduma ya dharura na kipimo cha ECG, na anayemsindikiza aseme mlangoni kwa sauti ya kusikika kwamba mgonjwa ana maumivu ya kifua, na yameanza saa ngapi.